Kujifunza kutengeneza tovuti: uanzie wapi, na hela uitoe lini

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaoanza ni hili: nilipie kozi gani? Ushauri wangu ni kwamba miezi mitatu ya mwanzo usilipie kozi yoyote. Hela uliyonayo nunulia bando, na kama laptopu yako ina RAM ya GB 4 na inakubali kuongezwa, ifikishe 8. Masomo mazuri ya HTML (muundo wa ukurasa), CSS (mwonekano wake) na JavaScript (vitendo vyake) yapo bure.

Nafasi ya kwanza naipa freeCodeCamp, shirika lisilotafuta faida lililoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014. Husakinishi kitu. Unafungua kivinjari, upande mmoja unaandika kodi (maagizo kwa kompyuta), upande wa pili unauona ukurasa wako ukibadilika papo hapo. Miongoni mwa mazoezi ya mwanzo ni ukurasa wa picha za paka, unaoujenga tagi (alama ya HTML) baada ya tagi. Ukikosea unaelekezwa palipokosewa, na hupiti mpaka urekebishe. Kwa mtu ambaye hajawahi kuiona HTML, huo ndio msaada hasa anaouhitaji. Mazoezi mengi ni maandishi, kwa hiyo bando halikatiki haraka kama kwenye video. Cheti pia ni bure, ila lazima ujenge miradi kwanza.

Tatizo lake ni kwamba unashikwa mkono mno. Nimeona watu wamemaliza masomo kwa mamia, lakini wakipewa faili tupu wanakwama. Kwa hiyo kila Jumamosi funga masomo, ujenge kitu chako mwenyewe tangu mstari wa kwanza: ukurasa wa bei za duka la mama, ratiba ya mechi za mtaani, chochote kile. Utahangaika, na hapo ndipo kodi inapoingia kichwani.

Ya pili ni The Odin Project, nayo ni bure. Hii ni ya mwenye laptopu na moyo mgumu. Inakutaka utumie Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) au Mac; mwenye Windows huweka Linux ndani yake, kwa mfano kwa WSL, nyenzo ya Windows ya kuendeshea Linux. Inakufundisha mapema Git, zana ya kutunza kila toleo la kodi yako, kisha inakuachia miradi uipambanie: ukurasa wa mapishi, mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi, kikokotoo. Ukiimaliza umeshajua kazi yenyewe inavyofanyika. Ningeiweka juu kabisa, ila wanaoanza wengi hukata tamaa kwenye usakinishaji, kabla hata ya kuandika tagi ya kwanza.

CS50, kozi ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, naiweka ya tatu. David Malan anayeifundisha ni mwalimu hodari sana, lakini kozi ile inaanza na misingi ya kompyuta na lugha ya programu iitwayo C. Tovuti zinakuja mwishoni. Ichukue baadaye.

Udemy, soko la kozi za mtandaoni za kulipia, ni ya nne. Kozi zake hushushwa bei mara kwa mara, kwa hiyo usilipe bei kamili, subiri. Mkenya asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa kadi ya Visa ya mtandaoni iliyomo kwenye M-Pesa.

Kozi za darasani za ada kubwa naziweka mwisho. Zina faida yake, hasa kwa anayehitaji mtu wa kumfuatilia kila siku. Lakini kabla hujakopa ada, dai uone tovuti walizojenga wahitimu wao, uzifungue kwenye simu yako.

Popote utakapoanzia, weka karibu MDN ya Mozilla, tovuti ya maelezo ya HTML, CSS na JavaScript. Ni kama kamusi: tagi ikikutatiza, unaitafuta pale na kukuta maelezo sahihi pamoja na mifano.

Na kama una simu ya Android tu, usisubiri laptopu. Programu kama Acode zinakuwezesha kuandika HTML na CSS na kuona matokeo. Kidole kitachoka, na JavaScript ndefu itakusumbua, lakini mwezi wa kwanza wote unatosha humo.