STP au uzamili wa kujilipia?

Kwa anayepima umeme wa ubongo hospitalini Uingereza, ubishi huu hauishi. STP, mafunzo ya wanasayansi wa NHS (huduma ya afya ya umma), ni miaka 3: unapokea mshahara, unalipiwa ada ya uzamili, na ukihitimu unaomba usajili wa HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Ila nafasi zinagombewa kama mpira wa kona. Uzamili wa kujilipia unausoma polepole ukiwa kazini kwako, lakini cheti pekee hakikusajili. Utakusanya ushahidi wa kazi, jalada nene kweli, uombe kutambuliwa. Kwa kazi ya mikono sioni tofauti: futi ya fundi nguo, unapima mzizi wa pua hadi kisogoni, unabandika elektrodi 21 kichwani. Una ajira, watoto na bosi muelewa? Jilipie. Ndiyo kwanza umehitimu? Jaribu STP.