Apktool kwa kubadilisha kitambulisho cha APK: uzoefu wangu

Apktool, zana ya kufungua faili ya programu ya Android (APK) na kuijenga upya, ndiyo ninayoitumia pale ninapotaka programu moja ya Android ikae mara mbili kwenye simu ileile, ya kazi na ya majaribio, huku msimbo chanzo haupo. Kama msimbo upo, usihangaike: weka `applicationIdSuffix ".jaribio"` kwenye Gradle (zana ya kujengea programu za Android), basi. Ila ukiwa na APK tupu ya programu uliyo na haki nayo, na aliyeiandika hapatikani, sijaona njia ya amri iliyo nyoofu zaidi ya hii. Ni ya bure, ina leseni ya Apache 2.0, na inadai Java tu. Kwa kupanga na kusaini faili utahitaji pia zipalign na apksigner, zinazokuja na build-tools za Android.

Android hutenganisha programu kwa kitambulisho, hivyo nakala ya pili inahitaji chake. Nitatumia `com.mfano.mauzo` kama kitambulisho cha zamani na `com.mfano.mauzo.jaribio` kama kipya. Maelezo yote ni ya Apktool toleo la 2.

Kufungua ni amri moja: `apktool d mauzo.apk -o mauzo`. Usiweke `-r`, kwa sababu rasilimali (picha, maandishi, mpangilio wa skrini) na AndroidManifest.xml (manifesti, faili inayoieleza programu kwa Android) zitabaki kwenye umbo la baiti na hutaweza kuzihariri. Chaguo la `-s`, linaloacha msimbo bila kuufungua, linaokoa muda mwingi kwenye programu kubwa, lakini nashauri uliache pia. Utauhitaji msimbo huo, na sababu inakuja.

Kitambulisho chenyewe kinabadilishwa kwa njia mbili, na hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa kuwa miongozo mingi inataja njia moja kana kwamba nyingine haipo. Ya kwanza ni kufungua apktool.yml na kuandika kitambulisho kipya mbele ya `renameManifestPackage`, mahali palipoandikwa `null`. Wakati wa kujenga, aapt2 (zana ya Android inayofungasha rasilimali) itabadilisha jina kwenye manifesti na kuyakamilisha majina mafupi ya klasi kama `.MainActivity` ili yaendelee kuelekea kwenye klasi za zamani. Ya pili ni kuhariri moja kwa moja `package="..."` iliyo juu ya AndroidManifest.xml. Tofauti yake iko kwenye jedwali la rasilimali, resources.arsc: kwa njia ya kwanza jedwali linabaki na jina la zamani, kwa njia ya pili linachukua jina jipya.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama picha zitaonekana. Programu ikiita `getIdentifier`, inayotafuta rasilimali kwa jina, na kuipa `getPackageName()`, inatafuta rasilimali kwa jina jipya. Jedwali likiwa na la zamani, jibu ni sifuri. React Native (mfumo wa kutengeneza programu kwa JavaScript) hutafuta picha zake hivyo hivyo katika toleo la kuchapishwa, kwa hiyo ukitumia `renameManifestPackage` programu inafunguka vizuri, maandishi yapo, na picha hazipo. Hakuna kosa linalokuambia kwa nini. Firebase (huduma za Google kwa programu) haipatwi na hili, kwa sababu husoma jina kutoka kwenye jedwali lenyewe badala ya kuuliza kitambulisho cha programu.

Ninachofanya: natafuta `getIdentifier` kwenye folda za smali (msimbo uliofunguliwa na Apktool) na kuangalia hoja ya tatu. Ikiwa ni `getPackageName()`, nahariri manifesti moja kwa moja. Ikiwa ni jina la zamani lililoandikwa kwa mkono, natumia `renameManifestPackage`. Kabla ya kuhariri moja kwa moja, endesha `grep 'android:name="\.' mauzo/AndroidManifest.xml`. Programu zilizojengwa kwa Gradle kwa kawaida huwa na majina kamili na grep hairudishi kitu. Ikirudisha, andika majina hayo kwa ukamilifu, kwa kitambulisho cha zamani, la sivyo programu itazimika kwa `ClassNotFoundException`.

Usiguse majina ya klasi, wala usihamishe folda za smali. Kitambulisho na majina ya klasi ni vitu viwili, na Android haidai vifanane. Ndiyo maana naonya vikali dhidi ya kupitisha `sed`, amri ya kubadilisha maandishi kwa wingi, kwenye folda nzima. Smali huandika klasi kwa mikwaju, `Lcom/mfano/mauzo/...;`, kwa hiyo sed inayotafuta nukta haizigusi, ila inabadilisha majina ya klasi hizo kwenye manifesti na kwenye faili za layout (mpangilio wa skrini). Matokeo yake ni `ClassNotFoundException` kwa klasi za kwenye manifesti, na `InflateException` kwenye skrini ya kwanza yenye kipengele kilichotengenezwa na mwandishi.

Baada ya hapo inabaki kazi ambayo Apktool haikufanyii, nayo ni ya mkono. Kila `android:authorities` (jina la kipekee la mtoa data, yaani provider) ndani ya manifesti lazima ibadilishwe, ama sivyo usakinishaji unagoma kwa `INSTALL_FAILED_CONFLICTING_PROVIDER` maadamu programu ya awali ipo. Ruhusa zilizotangazwa kwa `<permission>` nazo hivyo: zikibaki na jina la zamani huku ufunguo wa saini ni mwingine, unapata `INSTALL_FAILED_DUPLICATE_PERMISSION`. Angalia hasa ile inayoishia na `DYNAMIC_RECEIVER_NOT_EXPORTED_PERMISSION`. Inatoka AndroidX (maktaba za Google za Android), iko mara mbili, kwenye `<permission>` na kwenye `<uses-permission>`, na maktaba huiunda jina lake kutoka kwenye kitambulisho wakati programu inaendeshwa. Ukiisahau, kwenye simu zilizo chini ya Android 13 programu inaweza kuzimika inaposajili kipokezi (receiver).

Kisha ingia kwenye msimbo: `grep -rn 'const-string.*com\.mfano\.mauzo' mauzo/smali*`. Kompaila hunakili `BuildConfig.APPLICATION_ID` kama maandishi tu, hivyo utakuta mistari kama `const-string v1, "com.mfano.mauzo.fileprovider"`. Huo lazima ulingane na ulichoandika kwenye `authorities`. Vinginevyo kila kitu kinakwenda sawa hadi mtumiaji anapobonyeza kushiriki risiti au kupiga picha, ndipo linakuja `Couldn't find meta-data for provider with authority`. Njia za `/data/data/com.mfano.mauzo` zibadilishe pia. Majina ya faili za mipangilio yaache, hayadhuru.

Kujenga na kusaini kuna mpangilio usiobadilika (`ufunguo.jks` ni faili ya ufunguo wako wa saini):

`apktool b mauzo -o ghafi.apk`
`zipalign -P 16 -f 4 ghafi.apk sawa.apk`
`apksigner sign --ks ufunguo.jks --out tayari.apk sawa.apk`

Chaguo la `-P 16` limo kwenye build-tools 35 na kuendelea. Kwa za zamani tumia `-p`. Zipalign hutangulia kwa sababu saini ya v2 hulinda faili nzima, na kusogeza baiti yoyote baadaye kunaivunja. Achana na jarsigner: hutoa saini ya v1 pekee, na programu inayolenga API 30 (Android 11) au zaidi haisakinishwi bila v2. API hiyohiyo inadai resources.arsc isibanwe na ipangwe kwa baiti 4. Ukiona kosa la `-124`, ujue umeruka zipalign au faili imebanwa. Hakiki kwa `aapt2 dump packagename tayari.apk` na `apksigner verify --verbose tayari.apk`, na acha `adb logcat -b crash` ikiendesha unapoipitia kila skrini.

Vitu vinavyotegemea seva haviwezi kurekebishwa kwa amri yoyote. Ufunguo wa Google Maps uliofungwa kwa kitambulisho na SHA-1 (alama ya ufunguo wa saini) utatoa ramani tupu, kuingia kwa Google kutarudisha kosa namba 10, na viungo vilivyothibitishwa kwa assetlinks.json (faili iliyo kwenye tovuti) havitafungua programu mpya. Mwenye akaunti asajili kitambulisho kipya pamoja na alama ya ufunguo mpya.

Na kama APK ilitolewa kwenye simu, anza kwa `adb shell pm path com.mfano.mauzo`. Ikionyesha base.apk pamoja na faili za `split_config`, zichukue zote. Kila moja inahitaji kitambulisho kipya na ufunguo uleule, kisha zinasakinishwa pamoja kwa `adb install-multiple`. Kazi inaongezeka kwa kila faili, kwa hiyo mwombe mwenye programu APK moja iliyo kamili kwanza.