Blidi Kwenye PDF ya Kuchapisha: Nimejaribu InDesign, Affinity, Scribus na Canva

Iangalieni kadi hii. Nasogeza karibu na kamera... hapo, ukingo wa kulia. Mnakaona hako kamstari keupe, kembamba kama uzi? Kadi nzima ni ya buluu iliyokolea, halafu upande mmoja uzi mweupe kutoka juu hadi chini. Kosa ni langu. Kwenye dokumenti blidi niliiweka, tena kwa uangalifu. Kwenye PDF haikuwemo.

Kwa mgeni wa mambo haya, blidi ni rangi au picha unayoivusha nje ya mstari wa kukatia. Karatasi hazikatwi mojamoja. Zinapangwa rundo, zinabanwa, kisu kinashuka. Rundo likibanwa husogea kidogo, na karatasi ya juu na ya chini hazikatiki pale pale. Ndiyo maana tunaongeza milimita 3 kila upande. Wanaopima kwa inchi huweka 0.125, ambayo ni zaidi ya hapo kidogo sana. Mchapaji wako akisema 5, weka 5. Mashine ni yake.

Leo kazi ni moja, ukurasa wa A4 wenye picha inayojaa hadi ukingoni, na programu ni nne.

InDesign kwanza. Kuandika blidi wakati wa kufungua dokumenti ni nusu ya kazi tu. Ukifika kutoa PDF, ingia sehemu ya alama na blidi, utakuta kiboksi cha kutumia blidi ya dokumenti. Bila tiki hapo, milimita zako 3 zinabaki nyumbani. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii: alama za kukatia huja zimewekwa umbali wa pointi 6 kutoka kwenye mkato. Pointi 6 ni kama milimita 2.1. Blidi yako ni 3. Maana yake alama zinachorwa juu ya blidi yenyewe, na wachapaji hawapendi hilo. Futa, andika milimita 3 au zaidi. Ni sekunde mbili.

Affinity Publisher haina maneno mengi. Chagua PDF ya kuchapisha, hakikisha kiboksi cha kujumuisha blidi kina tiki, basi. Kwa anayeanza, hii ndiyo ningempa.

Scribus ni ya bure, na sura yake, tuseme ukweli, haivutii. Dirisha lake la PDF lina vichupo vingi, na blidi imejificha kwenye kile cha maandalizi ya uchapaji. Lakini ukishakifikia, unaweza kuandika namba ya kila upande peke yake, au ukaiambia ichukue ya dokumenti. Mimi naiheshimu kwa hilo.

Canva inataka hatua mbili: washa blidi ionekane unapobuni, kisha wakati wa kupakua chagua PDF ya kuchapisha na utie tiki kwenye alama za kukatia na blidi. Shida ni kwamba blidi yake imeshapangwa. Ukiambiwa milimita 5, itabidi utengeneze ukurasa mkubwa zaidi mwenyewe na umweleze mchapaji mkato uko wapi.

Sasa faili imetoka. Usiitume bado! Fungua sifa za PDF usome ukubwa wa ukurasa. A4 ni 210 kwa 297. Ikiwa na blidi ya 3 bila alama, inatakiwa isome 216 kwa 303. Ukiona 210 kwa 297, rudi nyuma. Ukiwa umeweka alama za kukatia, ukurasa unakua tena na hesabu hii haikusaidii. Hapo nenda kwenye mapendeleo ya Acrobat, washa visanduku vya mkato na blidi vionekane. Kisanduku kimoja kinatakiwa kikae ndani ya kingine. Vikilaliana kabisa, blidi hamna.

Na kuna wajanja wanaoinyoosha kazi nzima kutoka 210 kwa 297 hadi 216 kwa 303. Msifanye hivyo. Upana unaongezeka karibu asilimia 2.9, urefu 2.0, kwa hiyo duara linakuwa yai, na maandishi ya pembeni yanasogelea kisu. Vuta picha ya nyuma peke yake, maandishi yaacheni yalipo, milimita 3 hadi 5 ndani ya mkato.

Mwisho, kuza kona moja kama ninavyofanya hapa. Asilimia 800. Mnaona? Namba zote ziko sawa, 216 kwa 303, visanduku viko sawa, lakini picha yangu imeishia kwenye mstari wa mkato na blidi nzima ni nyeupe tupu. Hivi ndivyo PDF ya ile kadi ingekuwa hata kama ningetia tiki.