Semi au pulingi kwa mahindi ya Kibaigwa?

Semi ni kichwa kinachovuta tela lililoegemea mgongoni mwake; pulingi ni lori lenye bodi yake linalovuta tela nyuma. Kikomo cha uzito hakibagui: ni tani 56 kwa ekseli saba, gari likiwamo. Semi, yenye kiungo kimoja cha kupinda, hurudi nyuma kwa urahisi; pulingi ina viwili, na utingo anayemwelekeza dereva hupaza sauti hadi ikauke. Kichwa cha semi huweza kuacha tela likishushwa na kuvuta jingine, lakini peke yake hakibebi hata gunia. Lori la pulingi huacha tela kandokando ya lami na kuingia vijijini Kongwa, wilaya iliko Kibaigwa, faida ambayo wengi huisahau. Sahani ya semi, pale tela linapokalia kichwa, hudai grisi. Ikikauka, usukani huwa mzito kwenye kona. Mwenye mzigo wa ghala hadi ghala achague semi. Anayekusanya shambani, pulingi.