Hilux LN106 yenye injini 3L ikishapita kilomita laki nne

Je, inafaa kuinunua? Jibu kwanza: ukiipata yenye chesisi nzima na silinda hedi ambayo haijawahi kuchemshwa, pikapu hii bado inalipa. Ukiikuta ina rangi mpya inayong'aa huku rejeta imezibwa kwa gundi, mwachie mwenyewe.

LN106 ni ile ya mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 1997: ekseli nzima mbele na nyuma, springi za majani pande zote nne, dramu nyuma. Injini yake ya 3L ni dizeli ya cc 2,779 isiyo na tabo, nguvu kama farasi 90. Haina haraka. Wanaoiua ni wale wanaotaka ipande mlima Kitonga na mzigo kwa mwendo wa V8.

Inasamehe mengi, ila joto haisamehi. Gereji nyingi zikiona gari inachemsha hung'oa termostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Huo ni ugonjwa uliofichwa, na injini inabaki ya baridi barabarani, inakula dizeli na kujaa masizi. Rudisha ya nyuzi 82, kile kipini kidogo kinachocheza kikae upande wa juu ili hewa itoke, kisha tafuta sababu yenyewe. Injini ikiwa ya moto, izime na usukume fani kwa mkono. Ikizunguka kama pia, klachi ya fani imekufa. Kifuniko cha rejeta kiwe cha presha ya 0.9, si chochote kilichopatikana dukani. Na ukilazimika kufungua hedi, angalia gasketi ya zamani kabla hujaitupa. Za injini hii huja kwa unene tofauti kulingana na piston zinavyochomoza juu ya bloku. Ukifunga nyembamba mahali pa nene, utasikia piston zikigonga hedi.

Taiming belti ni kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka ikifika. Shida ni kwamba taa hiyo inahesabu kwa mita ya kilomita, na gari za umri huu waya wa spidi ulishakatika zamani. Kama hakuna risiti inayoonyesha belti ilibadilishwa lini, ibadilishe wiki hii pamoja na beringi zake. Ikikatika, vali zinagonga piston. Gari ikiwa wazi hivyo, pima na nafasi za vali ikiwa baridi: za kuingiza 0.20 hadi 0.30 mm, za kutolea 0.40 hadi 0.50.

Malalamiko ya kawaida kabisa ni kusumbua kuwaka asubuhi. Fundi atakuuzia plagi za kupasha, halafu nozeli, halafu atataka kushusha pampu. Anza na kitu cha bei ndogo. Chomoa mpira unaotoka kwenye dizeli filta kwenda kwenye pampu, weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga, washa na utazame. Mapovu yakipita, mfumo unavuta hewa, na mara nyingi mwenye kosa ni ile pampu ya mkono juu ya filta: kiwambo chake cha mpira kimepasuka. Badilisha kichwa chote cha filta. Mapovu yasipoonekana ndipo uzungumzie plagi. Pampu yenyewe nayo huvuja kwenye sili za juu na kwenye shafti ya akseleta. Tangu nchi za Afrika Mashariki zihamie dizeli ya salfa kidogo mwaka 2015, sili kuukuu zilizozoea dizeli ya zamani zinaweza kusinyaa na kuanza kutoa jasho. Kuna seti za sili, si lazima ununue pampu nzima.

Altaneta ina pampu ya vakyumu ya breki mgongoni, inayolainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili inaingia ndani ya altaneta na chaji inakufa. Kwa hiyo usikarabati altaneta bila kugusa sili hiyo.

Sasa mbele, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Chungulia kombe la gurudumu la mbele (lile tufe la chuma mwisho wa ekseli, gurudumu linapokatia kona) kwa ndani. Ukiona uji mwembamba wa kijivu unachuruzika hadi kwenye ukuta wa tairi, oili sili ya ndani ya ekseli imeisha. Oili ya difu inavuka, inaosha grisi kwenye CV jointi na kwenye beringi za kombe, na difu nayo inabaki na kiu. Fundi mvivu atabadilisha ile sili ya nje ya mpira na manyoya tu, na baada ya mwezi uji unarudi. Kazi yenyewe ni kufungua pande zote mbili, kuosha kila kitu kwa dizeli, kufunga sili mpya za ndani, beringi nne za kombe (mbili kila upande) na gasketi, kisha kujaza grisi yenye molibdenamu. Shimu (zile washa nyembamba za kurekebisha nafasi) zirudi mahali zilipotoka, za juu juu, za chini chini. Zikichanganywa, beringi hulegea au hukaza, na usukani unaanza kutetemeka ukifika kilomita 70 kwa saa. Kabla ya kufunga, hakikisha kipumulio cha ekseli hakijaziba kwa tope, maana presha ikikosa pa kutokea inasukuma oili kwenye sili mpya uliyoilipia. Mita mbili za mpira wa dizeli zinakipandisha hadi kwenye boneti. Hakuna nyongeza ya bei ndogo yenye faida kubwa kama hiyo kwa mtu anayevuka maji.

Jani moja la ziada kwenye springi za nyuma linatosha kwa anayebeba mara kwa mara. Tumia U-bolti mpya, na uzikaze tena baada ya kilomita 500. Lakini kumbuka vali ya breki inayopima mzigo, ile yenye kijiti kinachoshuka hadi kwenye ekseli ya nyuma. Bodi ikipanda, vali inadhani gari haina kitu na inapunguza breki za nyuma. Pandisha kishikio cha kijiti kwa kiasi kilekile bodi ilichopanda, na uhakikishe hakijaganda kwa kutu.

Taa hafifu: pima volti kwenye balbu halafu kwenye betri. Pengo likizidi volti moja, funga rilei mbili (swichi za umeme zinazopeleka taa moto moja kwa moja kutoka betri), waya wa shaba wa 2.5 mm² na fyuzi jirani na betri. Gari hii huwasha taa kwa upande wa hasi, kwa hiyo waya za rilei zinazouzwa tayari mara nyingi hazikubali. Balbu za LED ndani ya taa hizi za zamani zinapofusha wanaokuja, ziache dukani.

Tairi baki na 205R16. Zile 235/85R16 zinazopendeza macho ni kubwa kwa karibu asilimia 9. Mita ikisoma 100 unakwenda 109, na gia ya tano inakuwa ya mteremkoni tu.