Kamera nimeiweza, maiki bado: ThinkPad T480 na Windows 11 kwa anayefundisha nyumbani

Nafundisha Kiswahili kwa wageni, wengi wao Wajerumani, kutoka ukumbini kwetu Jang'ombe, Unguja. Darasa huanza saa mbili usiku, baada ya Isha. Nyuma ya kiti changu ndiyo njia ya kwendea jikoni: mama anapita, mawifi wanapita, na kwa kuwa wako kwao hawana sababu ya kujitanda. Kwa hiyo kompyuta ninayoitaka mimi kwanza inijibu nani anatuona na nani anatusikia. Kasi yake na ukubwa wa diski nitauliza baadaye.

Jambo hili lilinikaa rohoni tangu usiku mmoja mwaka jana. Nilimaliza somo, nikaaga, nikabonyeza alama ya kufunga dirisha, nikaenda jikoni kumsaidia mama kukuna nazi. Tukazungumza mambo ya ndani kabisa ya ukoo wetu, posa iliyokuwa inasuasua. Baada ya robo saa simu ikalia ujumbe: "Mwalimu, samahani, bado ninakusikia." Programu ile ya mikutano, ukifunga dirisha lake, haizimiki. Inajificha pembeni na mazungumzo yanaendelea. Namshukuru mwanafunzi yule kwa uungwana wake. Angeweza kunyamaza na nisingejua mpaka leo. Nilivyomwambia mama, aliuliza neno moja tu: "Na kuona, ametuona?"

Kwa hiyo nilianza kuichimba mipangilio ya faragha ya Windows 11, na miezi saba sasa naishi nayo. Mashine yenyewe ni ThinkPad T480 iliyokwishatumika, niliyoinunua duka moja la Mlandege kwa laki sita na nusu.

Kwenye mipangilio unaingia sehemu ya faragha na usalama, unashuka mpaka kwenye ruhusa za programu. Kamera ina ukurasa wake, maikrofoni wake. Juu kuna swichi ya kompyuta nzima, chini yake swichi ya programu zako wewe uliyeingia, halafu orodha ya programu zilizotoka kwenye duka la Microsoft, kila moja na swichi yake. Hapo kazi imefanywa vizuri na mtu yeyote ataielewa.

Kilichonifaa zaidi ni saa na tarehe. Pembeni ya jina la programu imeandikwa mara ya mwisho ilipotumia kamera au maiki. Siku ya kwanza tu nilikuta programu ya kurekodi kioo cha kompyuta ambayo sikuijua, na maiki iliitumia siku ambayo mimi nilikuwa Pemba harusini. Nikamwita mtoto wa dada yangu. Akakiri kwamba aliisimika ili ajirekodi akicheza gemu, kisha akaisahau, nayo ikawa inajiwasha kila kompyuta inapowaka. Hakuna ubaya alioukusudia. Lakini bila tarehe ile nisingejua kuna sikio jingine ndani ya nyumba. Vilevile maiki ikiwa wazi hujitokeza alama yake ndogo chini, karibu na saa. Ukiielekezea mshale inakutajia programu inayosikiliza. Siku hizi siondoki kitini bila kuitazama.

Sasa upungufu. Programu ulizojipakulia mwenyewe kwenye tovuti na kuzisimika, ambazo kwa wengi wetu ndizo karibu zote, zimewekwa kapu moja na swichi yao ni moja. Huwezi kuiruhusu ya mikutano ukaizuia ya kurekodi kioo. Ama zote, ama hakuna hata moja. Na Microsoft wenyewe wameeleza kwamba baadhi ya programu za aina hii zinaweza kuifikia kamera au maiki hata swichi ikiwa imezimwa, na anayetaka ulinzi zaidi wanamshauri akizime au akichomoe kifaa chenyewe. Ni vyema wamesema ukweli, lakini kwangu huo si mlango wa kufungia nyumba.

Njia niliyoipata ni kuziondoa programu za mikutano zote na kufundishia kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti. Hapo ruhusa inatolewa kwa tovuti moja moja: unabonyeza alama iliyo kando ya anwani, unaruhusu ile ya darasa, nyingine zote zikitaka maiki zinaomba kwanza. Ukiufunga ukurasa, mazungumzo yamekatika kweli. Picha inapungua ubora kidogo, na baadhi ya vitufe nilivyovizoea havipo. Nimekubali hasara hiyo.

Mtoto wa mamkubwa wangu yuko Maskati, anatumia MacBook, na katika hili kanizidi. Tangu macOS Mojave, toleo la mwaka 2018 la mfumo wa kompyuta za Apple, kila programu inamwomba ruhusa peke yake, ya dukani na ya kupakua, na kila moja ina swichi yake. Amesimika pia OverSight ya Objective-See, ya bure, inayompigia hodi pale kamera au maiki inapowashwa. Kitu kimoja tu nilimkataza: kubandika kifuniko cha plastiki juu ya kamera halafu akafunga kompyuta. Apple walishaonya kwamba kioo kinaweza kupasuka, maana nafasi iliyobaki kati ya kioo na kibodi ni ndogo mno.

Kwenye T480 kifuniko kimo ndani ya mashine tangu kiwandani, Lenovo wanakiita ThinkShutter. Ni kipande kidogo unachokisukuma kwa ncha ya kidole kikaziba jicho la kamera. Hakikati umeme, kwa hiyo programu ikiiwasha kamera taa huwaka, ila inaona kiza kitupu. Na mimi hilo nalipenda: taa ikiwaka jicho likiwa limezibwa, najua kuna anayejaribu. Lakini sababu kubwa ya kukipenda ni mama. Mipangilio ya Windows naijua mimi peke yangu nyumba nzima. Kifuniko mama anakiona kwa macho yake akiwa mlangoni, wala hahitaji kuniamini mimi wala Microsoft. Zamani alikuwa akiuliza, "Mwanangu, imefungwa hiyo?" Sasa anatazama, anapita.

Watu wakiniambia natia chumvi, huwakumbusha kisa cha Lower Merion, Pennsylvania, kilichofika mahakamani mwaka 2010. Skuli iliwapa wanafunzi kompyuta, na kamera zake zikawa zinapiga picha watoto wakiwa majumbani mwao, maelfu ya picha. Kesi ilimalizwa kwa malipo ya dola 610,000. Watoto wale walikuwa vyumbani mwao.

Maiki ndiyo haina kifuniko. Kitufe cha F4 kinainyamazisha na taa yake ndogo inawaka, nami nimewafundisha wote nyumbani kwamba taa ikiwaka hatusikiki. Hata hivyo ni amri kwa kompyuta, si kizibo. Kwa hiyo darasa likiisha naizima maiki yenyewe kwenye mipangilio ya sauti, na kesho yake naiwasha tena. Ni kazi ya kila siku na inachosha.

Kamera naipa nane kwa kumi, na saba katika hizo ni za kile kipande cha plastiki. Maiki naipa tano. Ukienda kununua, usiangalie jina la T480 tu, kwa sababu si zote zilizotoka na kifuniko. Kabla hujatoa pesa, pitisha kidole juu ya kamera uone kama kuna kinachosogea, kisha bonyeza F4 uone kama taa inawaka.