Padrón 1964 Anniversary ya jani jeusi: utamu wake uko katikati

Kuna siga, yaani zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyosokotwa, ambazo pafu mbili tu za mwanzo zinakuchoma koo kwa pilipili, halafu baada ya nusu saa hakuna jipya la kuonja. Hii haiko hivyo. Padrón 1964 Anniversary, saizi ya Exclusivo, ile yenye jani la nje jeusi linaloitwa maduro, inaanza kwa upole na kupanda taratibu. Mvutaji mwenye haraka atailipia bei kubwa bila kuona kilichomo.

Umbo lake si la mviringo. Imebanwa mpaka ikapata pande nne, kingo zikiwa zimelainika kidogo, kwa hiyo ukiiweka mezani haibingiriki. Urefu ni inchi 5.5, karibu sentimita 14. Unene ni 50 kwa kipimo cha siga, na kipimo hicho huhesabu sehemu ya 64 ya inchi, kwa hiyo ni kama milimita 20. Jani la nje lina mafuta kidogo likipita mkononi, na mishipa yake inaonekana wazi. Wanaopenda jani laini lisilo na kovu huenda wasivutiwe, mimi hainisumbui. Niliibinya polepole kutoka ncha ya kuwashia hadi kichwani, sikupata sehemu inayobonyea wala fundo gumu.

Ina pete mbili za karatasi, na mojawapo ina namba ya peke yake kwa kila siga, ili kuzuia bandia. Iangalie kabla ya kulipa, maana siga inayosifiwa sana ndiyo inayoigwa sana. Kampuni yenyewe ilianzishwa Miami mwaka 1964 na José Orlando Padrón, Mcuba aliyehamia Marekani na kufanya useremala hadi akapata mtaji. Nyundo ndogo aliyopewa na rafiki ndiyo alama ya familia mpaka leo. Toleo hili lilitoka mwaka 1994, kampuni ilipotimiza miaka 30. Tumbaku yote ni ya Nicaragua, na hulazwa miaka isiyopungua minne kabla ya kusokotwa.

Miaka hiyo minne unaisikia puani. Tumbaku changa huwa na ukali wa amonia unaowasha pua na kukausha mdomo. Hapa nilipitisha moshi puani tangu mwanzo, jambo ambalo kwa siga nyingi nalikwepa, na kilichobaki ni harufu ya mbao kavu na pilipili manga kidogo.

Kabla ya kuiwasha, nilipovuta hewa tu, nilipata zabibu kavu na kakao. Niliiwasha kwa kiberiti cha gesi, kwa sababu cha petroli kinaacha ladha yake kwenye majani. Theluthi ya kwanza ni nzuri, ila haina la kusimulia sana. Ya pili ndiyo iliyonifanya nitulie. Kahawa chungu inakuja mbele, nyuma yake kakao isiyo na sukari, kisha korosho zilizokaangwa, na ukishatoa moshi unabaki utamu mzito nyuma ya ulimi ambao hauondoki mpaka pafu linalofuata. Moshi ni mwingi na unateleza, hautaki kuvutwa kwa nguvu. Majivu ya kijivu yalishikana karibu sentimita tatu, yakakatika kwa mkupuo mmoja nilipoyagusisha kwenye kisahani. Chini yake moto ulikuwa umekula sawasawa pande zote nne.

Weusi wa jani usikutishe. Rangi hiyo inatokana na uchachushaji mrefu na joto, na mara nyingi huleta utamu. Nguvu ya siga hutegemea zaidi majani ya ndani, hasa yale ya juu ya mmea yaliyopigwa na jua sana. Kwangu hii ni ya nguvu ya wastani, ikipanda kidogo mwishoni. Hata hivyo usiivute ukiwa na njaa. Moshi wa siga haumezwi, lakini nikotini hupenya kupitia ngozi ya mdomo, na kichwa kitazunguka. Na kutomeza moshi hakumwondolei mtu madhara ya tumbaku, hilo tusidanganyane.

Jambo la utunzaji. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuzia siga za aina hii zikiwa zimelowa unyevu, zikawa zinaungua upande mmoja na kuzimika kila mara. Zilizobaki nilizilaza kwenye sanduku lenye unyevu wa asilimia 65 kwa wiki kadhaa, zikarudi sawa. Ukiona inakusumbua, chunguza kwanza ilikotunzwa.

Theluthi ya mwisho inataka adabu. Nilipunguza hadi pafu moja kwa dakika, maana ukikaza mwendo siga yoyote inapata moto na kahawa inageuka uchungu wa masizi. Kinywaji bora kwake ni kahawa nyeusi au maji matupu. Pombe kali inaifunika. Niliiacha izimike yenyewe vidole vilipoanza kuhisi joto, baada ya zaidi ya saa moja. Ile ya jani la rangi isiyokolea ni kavu zaidi na inafaa asubuhi. Baada ya mlo mzito wa jioni, nachukua nyeusi.